Nyota Kando ya Namba

Katika sanduku langu la bati, pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya ubatizo vya watoto, ipo karatasi moja ya maabara ya mwezi wa Machi 2019. Imekunjwa mara nne na wino wake umeanza kufifia. Juu limeandikwa jina la mke wangu na umri wake. Chini ipo namba moja, 2.6, na kando ya namba hiyo nyota ndogo na herufi H. Mkono wa kulia, kwa maandishi madogo, pameandikwa kiwango cha kawaida: 0.8 hadi 1.2. Sijapata kusoma karatasi yoyote mara nyingi kama hiyo, na ajabu yake ni kwamba haina kosa hata moja. Aliyekosea ni mimi niliyeisoma.

Yanipasa kwanza kueleza maradhi. Utotoni mke wangu aliugua koo mara kwa mara, na kama ilivyotokea kwa watoto wengi wa zamani zetu, hakuna aliyelijali koo. Homa ya baridi yabisi ikafuata, ikaondoka, na kumbe iliacha alama moyoni. Mwaka 2017, alipoanza kupumzika mara tatu njiani akitoka shamba, ndipo tulipoambiwa kwamba valvu moja ya moyo imebana, na kwamba chumba cha juu cha moyo kimetanuka na sasa kinatetemeka badala ya kupiga. Damu ikizubaa mahali, alisema daktari, huganda. Bonge likichomoka humo moyoni, njia fupi ni ya kwenda ubongoni. Akaandikiwa warfarini, kidonge kimoja cha miligramu 5 kila jioni, na kuhudhuria kliniki kupimwa kuganda kwa damu.

Kwenye kadi yake ya kliniki daktari alikuwa ameandika: INR 2–3. Niliiona. Niliiona kwa miaka miwili, nikidhani ni miezi ya kurudi kupima.

Majibu yenyewe hatukuwa tukiyaona. Yalitoka maabara yakaingia kwenye faili, faili likaenda kwa daktari, naye akatuambia tuendelee hivyo hivyo au akabadili dozi kidogo. Machi ile kitendanishi kilikuwa kimekwisha, tukaelekezwa maabara ya nje. Majibu yalitoka jioni, daktari amekwisha kuondoka na basi la kurudi nyumbani linapiga honi. Ndipo kwa mara ya kwanza karatasi ikaingia mikononi mwangu.

Sasa, msomaji, nifikirie mtu niliyefundisha hesabu miaka 36, na kati ya hiyo 19 nikiwa mwalimu mkuu. Chuoni tulifundishwa kutengeneza jedwali la alama, kuweka mstari wa kufaulu, na kuwatia alama nyekundu walio nje ya mstari. Namba iliyo nje ya mstari, kwangu mimi, ilikuwa ni kazi inayongoja kufanywa. Hapa palikuwa na kiwango cha kawaida, mwisho wake 1.2, na mke wangu ana 2.6 yenye nyota: zaidi ya mara mbili! Nikakumbuka pia maneno ya jirani yetu mmoja, aliyekuwa amesema kibarazani kwamba dawa hiyo ni sumu ya panya na kwamba hospitali hawawaambii watu. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua wembe mpya na sahani, nikaanza kukata vidonge nusu nusu.

Sikumwuliza mtu. Mtu aliyezoea kuulizwa kwa miaka mingi huwa hana tena mazoea ya kuuliza.

Mwezi uliofuata nilimpeleka kwenye maabara ile ile kwa fedha yetu wenyewe. Majibu: 1.2. Hakuna nyota. Nakumbuka nilimwambia pale pale mlangoni, "Mama, umefaulu," naye akacheka. Tulinunua samaki. Kliniki hatukwenda, maana niliona nauli itapotea bure kwa mtu ambaye damu yake ni ya kawaida kama ya mtu yeyote.

Alfajiri moja ya Mei 2019 nilimwamkia kama siku zote, akanijibu kwa sauti isiyokuwa na neno ndani yake. Nilidhani ni ndoto. Nikawasha taa. Mdomo ulikuwa umeshuka upande wa kulia, na alipojaribu kushika kikombe cha maji kilichokuwa kando ya kitanda, kikombe kilianguka, naye akakitazama kama kitu cha mtu mwingine. Gari la jirani yule yule wa sumu ya panya ndilo lililotufikisha hospitali. Picha ya kichwa ilionyesha kwamba mshipa haukupasuka, bali umezibwa. Walipopima damu ilikuwa 1.2, namba ile ile niliyoinunulia samaki.

Daktari aliuliza ni nani aliyepunguza dawa. Nilimweleza yote, wembe na sahani. Hakunikemea, na mpaka leo sijui kama ningependa anikemee. Alichukua karatasi akachora mstari mmoja mrefu, akaweka 1, 2, 3, 4, 5. Kati ya 2 na 3 akapiga rangi kwa kalamu. "Mama anatakiwa akae humu," alisema. "Chini ya mbili, damu inaganda upesi mno kwa moyo wa namna yake. Kadiri anavyopanda kupita tatu, na hasa akipita nne, hatari ya kuvuja damu inakua, hata ndani ya kichwa." Nikamwuliza: na hiyo 0.8 hadi 1.2 iliyochapwa? Akasema hicho ni kiwango cha watu wasiotumia dawa. Mashine haijui nani anameza nini. Kila aliye juu ya 1.2 huipiga nyota, na mtu anayetumia warfarini vizuri hupata nyota kila mwezi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi. Nimewapiga watoto wa watu fimbo kwa alama zilizokuwa chini ya mstari. Sikuwahi kufikiri kwamba uko mtihani ambao aliyepata nyota ndiye salama.

Mke wangu alilazwa siku 16. Katika siku hizo nilifahamiana na msichana mmoja wa maabara, ambaye kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo babu." (Nilizoea kuitwa mwalimu, ilinichukua siku kadhaa kuizoea hiyo babu.) Alikuwa na subira ya mwalimu mzuri kuliko wengi niliowasimamia. Kwanza alinionyesha kichupa chenye kizibo cha buluu. Ndani mna sitrati kidogo, ambayo huikamata kalsiamu ya damu ili damu isigande njiani. Kichupa hujazwa hadi kwenye mstari, sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitrati. Kikijazwa pungufu, sitrati inazidi na majibu yanakuja marefu ya uongo. Tangu siku hiyo mimi huangalia kichupa kikijazwa, na najua wauguzi wengine hunichukia kwa hilo.

Kisha damu huzungushwa ili chembe zitengane na yale maji ya manjano yanayoitwa plazima. Katika plazima hutiwa thromboplastini pamoja na kalsiamu, na saa huanza kuhesabu. Inahesabu sekunde mpaka kigande. Ya mtu asiyetumia dawa huganda kwa sekunde kama 12 hivi. Armand Quick wa Marekani ndiye aliyeanzisha kipimo hicho mwaka 1935, na kwa msingi wake hakijabadilika.

"Basi kwa nini msituandikie sekunde?" nilimwuliza. Hapo ndipo aliponifurahisha. Alisema thromboplastini hutengenezwa na viwanda mbalimbali, nyingine kutokana na ubongo au mapafu ya wanyama, nyingine kwa njia za kisasa, na hazina ukali mmoja. Damu ile ile, siku ile ile, maabara hii itapata sekunde 18 na ile itapata 26. Zamani jambo hili lilidhuru watu. Amerika ya Kaskazini walikuwa wakitumia thromboplastini isiyo na makali sana, sekunde zikaonekana chache, madaktari wakaongeza dawa, na wagonjwa wao wakavuja damu zaidi kuliko wa Uingereza.

Nilimwambia, binti yangu, hilo nalijua! Sabini ya shule moja si sabini ya shule nyingine. Yuko mwalimu anayetoa maswali mepesi na yuko anayebana, na ndiyo maana mwisho wa darasa la saba nchi nzima hufanya mtihani mmoja. Akasema ndivyo walivyofanya. Mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu wa kulinganisha kila thromboplastini na moja ya kimataifa, na kila moja hupewa namba ya ukali wake. Sekunde za mgonjwa hugawanywa kwa sekunde za kawaida za maabara hiyo, kisha jibu hupandishwa kwa kipeo cha namba ile. Nikachukua kalamu. Mgonjwa 24, kawaida 12, uwiano ni 2. Kama namba ya ukali ni 1, jibu ni 2.0. Kama ni 1.5, jibu ni 2.8. Kama ni 2, jibu ni 4.0. Sekunde zile zile, lakini mmoja yuko salama, wa pili yuko karibu na mpaka, na wa tatu apunguziwe dawa. INR maana yake ni huo uwiano uliokwisha kusawazishwa kimataifa. Nilikaa na ile hesabu mchana kutwa kando ya kitanda, mke wangu akinitazama, na nakiri kwamba nilipata raha ambayo haikustahili mahali pale.

Nitaje pia jambo la lugha, maana linaniudhi. Mitaani tunasema damu nzito na damu nyepesi, na dawa hii tunaiita ya kulainisha damu. Usemi huo ndio ulionipoteza nusu ya njia. Warfarini haiongezi maji kwenye damu. Ukiiona kwenye kichupa ni nzito kama ilivyokuwa. Inachofanya ni kulizuia ini lisitumie vitamini K katika kuunda baadhi ya protini za kugandisha. Damu inachelewa kuganda, basi. Na protini zilizokwisha kuundwa huendelea kuwamo mpaka ziishe zenyewe: mojawapo hupungua kwa saa chache tu, nyingine huchukua siku mbili tatu. Ndiyo maana kidonge cha leo jioni hakionekani kesho asubuhi kwenye kipimo, na mtu anayebadili dozi kila anapoona namba anakimbiza kivuli cha jana.

Na jirani yangu? Alikuwa na ukweli mkononi, ila kaushika kwa upande wa makali. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa tambarare za kaskazini mwa Marekani walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu ya malisho yaliyoota ukungu. Karl Paul Link na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin walitafuta kitu kilichomo, wakakipata, na kutokana na utafiti huo ikatoka warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kuulia panya. Jina lake limetokana na herufi za taasisi iliyogharamia utafiti. Mwaka 1954 iliruhusiwa kwa binadamu, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipewa baada ya kupatwa na shtuko la moyo. Nilimsimulia jirani hayo yote. Alisikiliza, kisha akasema: kwa hiyo ni sumu ya panya. Nikamwachia.

Maneno ya mke wangu yalirudi polepole, si yote. Hata sasa huita ufunguo kijiko, na kijiko hukiita "kile". Mkono wa kulia unashika, lakini hausokoti ukili, na mikeka yake ilikuwa ikijulikana. Daktari nilimwambia kosa langu siku ya kwanza; yeye mwenyewe sikumwambia. Nilijipa sababu: hajapona, atashtuka, kipimo kitapanda. Mwaka mzima ukapita. Jioni moja mwaka 2020, mvua ikinyesha, tukiwa wawili tu, nilimwambia. Nilisema nilikata vidonge kwa sababu sikujua kusoma karatasi.

Alikaa kimya akitafuta maneno, kama anavyofanya. Kisha akasema, "Nilikuona na wembe." Akatafuta tena. "Nikasema, Mwalimu anajua."

Hakusema zaidi, nami sikuwa na la kujibu. Wapo watakaoona nimesamehewa. Sijui kama ndivyo alivyokusudia, na sijamwuliza.

Tangu hapo ninaandika daftari. Safu ya kwanza tarehe, ya pili dozi, ya tatu INR, ya nne chochote kilichobadilika: homa, safari, chakula, dawa nyingine. Safu hiyo ya nne ndiyo yenye elimu. Humo nilijifunza kwamba mboga za majani hazikatazwi. Mchicha, matembele na kisamvu zina vitamini K kwa wingi, na mwanzoni nilimnyima kabisa, namba ikawa inaruka kila alipokula ugenini. Daktari alitaka ale kiasi kile kile wiki hadi wiki, naye apime dawa kulingana na mboga. Sasa tunakula mchicha siku nne kwa wiki.

Humo pia mmeandikwa Agosti 2023. Aliumwa tumbo, binti yetu akamnunulia Flagyl kwenye duka la dawa, kama watu wote wanavyofanya. Siku ya sita fizi zilitoka damu akisukutua. Tulipopima ilikuwa 5.1. Dawa hiyo huzuia warfarini isivunjwe upesi mwilini, na Septrin hufanya vivyo hivyo. Rifampisini ya kifua kikuu huenda kinyume, huishusha namba. Wembe ulikuwapo kabatini. Sikuushika. Nilimpigia simu muuguzi wa kliniki, akaniunganisha na daktari, akaagiza aache dozi mbili, tupime tena siku ya tatu, na damu ikizidi au kichwa kikimwuma tusingoje. Siku ya tatu ilikuwa 2.9.

Mwanangu aliyeko Dar es Salaam amenishauri mara nyingi tuhamie kwenye dawa mpya zisizohitaji kupimwa kila mwezi. Kwa wengi wenye moyo usio na mpangilio ni shauri jema. Lakini mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 katika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wote wenye moyo ulioharibiwa na baridi yabisi kama wa mama yake: waliotumia dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya. Daktari alitusomea. Basi tumebaki na kichupa cha buluu.

Juzi nilihesabu vipimo vyake 24 vya mwisho. Ndani ya 2 na 3 vimo 15. Asilimia 62 na nusu. Wataalamu hupenda 65 au 70 na kuendelea, na mimi, tabia haiachi, nilipiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, nikaandika: ajitahidi. Kisha nikafuta, nikaandika: tujitahidi.

Wiki iliyopita tulikwenda tena. Maabara ya hospitali hutupa nakala siku hizi, na mke wangu hupenda kukaa nayo garini ingawa herufi ndogo hazioni vizuri. Tulipopita daraja aliniguza kwa mkono wa kushoto.

"Ina nyota?"

Nikavaa miwani. Ilikuwa 2.4. "Ina nyota," nilisema.

"Haya," alisema, akaikunja akaitia kwenye mkoba, akaniuliza kama nimekumbuka kununua ile, ile ya kwenye chai. Sukari nilikuwa nimesahau.